Shilingi ya Maegesho Ilale Wapi?

Tangu Nakuru ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji, tarehe 1 Desemba 2021, kila ada inayotozwa pale hukumbana na swali ambalo enzi za manispaa halikuulizwa kwa ukali huu: jiji linanipa nini? Ada ya kuegesha gari ndiyo inayosulubiwa zaidi, kwa sababu haina pa kujificha. Kodi ya ongezeko la thamani imefichwa ndani ya bei ya sabuni, na ushuru wa mafuta umo ndani ya lita. Ada ya maegesho humfuata dereva dirishani, ufunguo ukiwa bado mkononi, na asipoilipa hurudi akakuta gurudumu limefungwa chuma. Wanaoipinga ni wengi na sababu zao hazifanani. Nitazisikiliza kupitia sauti za watu wa aina tunayoifahamu mjini humu, bila kumlenga yeyote, na nitakuwa nikijibu. Niseme mapema ninaposimama: kulipia nafasi ya gari katikati ya jiji ni haki, ila ada kama inavyotozwa leo ina kasoro mbili kubwa. Inahesabiwa kwa siku, na ikishalipwa haionekani tena.

Aanze dereva, maana ndiye atoaye pesa. “Barabara hii nimekwisha kuilipia,” asema. “Kila lita ya petroli ninayonunua ina shilingi 25 za ukarabati wa barabara. Zilikuwa 18 tangu 2016, wakazipandisha Julai 2024. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani, iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Nikitoka Nairobi kuja Nakuru, kilomita 160 hivi, gari likila lita moja kwa kila kilomita 10, nimeacha shilingi 400 za barabara peke yake kabla sijaliona ziwa. Mwaka 2024 walitaka wanitoze asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, mpaka wananchi wakakataa. Sasa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa kwa mpango wa kulipiwa kila kilomita. Nikifika mjini nilipie na kusimama?”

Hesabu yake ni sahihi, na uchungu wake una msingi. Hata hivyo ushuru wa mafuta ni malipo ya mwendo: anayezunguka sana huichakaza lami zaidi, naye hulipa zaidi. Gari lililosimama halichomi hata tone. Linachotumia ni ardhi, mita za mraba 12 hivi, mahali ambapo mwenye kibanda hulipa kodi ya kila mwezi kwa nafasi ndogo kuliko hiyo. Isitoshe, shilingi zake 25 hazimfikii mwenye mtaa, yaani kaunti, kwa urahisi anaoudhania. Wabunge na magavana wamevutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo huo, kila upande ukidai barabara ni zake, na kaunti zikalia kwamba zimepokonywa. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kusimamia magari na maegesho. Kwa hiyo dereva amelipa kweli, ila amemlipa mwingine kwa kazi nyingine. Sisemi hivyo kumdhihaki. Nasema kwa sababu hoja ya “nimeshalipa” ikikubaliwa yote, gharama ya mtaro, taa na alama za barabara kwenye Kenyatta Avenue itabebwa na mfuko wa jumla, na mfuko huo unajazwa pia na watu wasio na gari.

Mmoja wa hao anauza mboga karibu na soko la Wakulima na anaishi Kaptembwo. “Kaka,” amwambia dereva, “wewe unalalamika umelipia kusimama. Mimi natembea barabarani kwa sababu njia ya miguu umeiegeshea gari. Mvua ikinyesha maji yote yanakuja kwangu. Hiyo bure unayoitaka wewe ni yangu.” Sauti hii haisikiki sana kwenye mijadala ya maegesho, kwa kuwa anayebishana na maafisa wa kaunti karibu kila mara ni mwenye gari. Lakini sensa ya 2019 iliihesabu kaunti ya Nakuru kuwa na watu 2,162,202, na atakayesimama asubuhi kwenye barabara ya kutoka Kaptembwo au Free Area ataona wazi wanavyokuja mjini: kwa miguu, kwa bodaboda, kwa matatu. Barabara ni ya wote hao. Kipande chake kikikodishwa kwa gari moja, walio wengi wana haki ya kudai kodi.

Mwenye duka wa Kenyatta Avenue haridhiki. “Haki tupu hailipi mshahara,” asema. “Mteja wangu anatoka Njoro au Bahati kununua betri ya gari, kazi ya dakika 20. Akisikia alipie siku nzima, anakwenda kwenye jengo la maduka lenye uwanja wake wa kuegesha. Mwaka 2020, wakati wa Korona, kaunti ilipozihamisha matatu kutoka katikati ya mji, tulioumia ni sisi tunaotegemea miguu ya watu. Kila mkipanga mji, mnapanga kumfukuza mteja.” Yeye, kwa maoni yangu, amegusa kidonda chenyewe, ingawa dawa anayoitaka, ya kuifuta ada, itazidisha ugonjwa.

Tuchukue shilingi 100 kwa siku kama mfano wa hesabu tu. Mwajiriwa wa ofisi anayefika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni amekaa saa 10, kwa hiyo analipa shilingi 10 kwa saa. Mteja wa betri aliyesimama dakika 20 amelipa shilingi 100 hizo hizo, sawa na 300 kwa saa. Mteja anatozwa mara 30 ya anayeziba nafasi kutwa nzima. Ada ya namna hii haifanyi kazi ambayo ada ya maegesho inapaswa kufanya, yaani kuzifanya nafasi zizunguke. Inamtunza mkaaji na kumtoza mpitaji. Na mwenye duka ajiulize ni gari la nani limesimama mbele ya mlango wake tangu asubuhi. Mara nyingi ni lake mwenyewe, au la karani wake, au la wakili wa ghorofa ya juu. Ukiifuta ada, magari hayo yatatangulia kama kawaida, kwa sababu wenyewe ndio wanaofika kwanza, na mteja wa Njoro ataendelea kuzunguka Moi Road na Oginga Odinga Road akitafuta upenyo.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 120, inazitaka kaunti ziwe na sera ya bei za huduma, na mojawapo ya misingi yake ni kwamba anacholipa mtumiaji kilingane kwa jumla na kiasi anachotumia. Bei moja ya siku nzima haiukaribii msingi huo. Wengine watasema kuhesabu saa ni mambo ya Ulaya. Zamani labda, pale tiketi ilipokuwa karatasi na pesa zikipita mkononi mwa askari wa kanjo. Leo malipo hupitia simu na namba ya gari huingizwa kwenye mfumo. Mfumo unaoweza kujua kwamba gari halijalipa unaweza pia kujua lilianza kukaa saa ngapi. Profesa Donald Shoup wa Los Angeles, aliyetoa mwaka 2005 kitabu kinene juu ya gharama ya maegesho ya bure, alipendekeza kipimo kisicho na makeke: bei iwe ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila kipande cha mtaa. Mji wa San Francisco ulijaribu jambo hilo kuanzia 2011. Bei zikapanda kwenye mitaa iliyojaa na kushuka kwenye mitaa mitupu. Neno “kushuka” ndilo ningependa wafanyabiashara wa Nakuru walishike, kwa kuwa huku kwetu ada ina desturi ya kupanda kuliko kushuka. Nairobi iliruka kutoka shilingi 140 hadi 300 mwaka 2013, na mwaka 2019 ikataka kutoka 200 hadi 400. Zote mbili zilizua kelele na kesi. Kupanda huko hakukutanguliwa na hesabu ya nafasi zilizo wazi. Kulitanguliwa na pengo la bajeti.

Hapa mkazi wa Milimani anaingia, naye ana hofu ya aina nyingine. “Leo mnatoza katikati ya mji,” asema. “Wanaokwepa kulipa wanakuja kuegesha mbele ya lango langu. Kesho mtaniletea kibali cha mwaka nilipie kuegesha nje ya nyumba yangu mwenyewe, na wageni wa harusi wakija nao wanunue stika.” Hofu hiyo si ya bure. Ndivyo ilivyokwenda katika miji mingi duniani: ada katikati, magari yakamwagika mitaani, wenyeji wakaomba kibali cha kuwalinda, na kibali kikageuka kuwa kisima cha mapato. Halmashauri ya Barnet, kaskazini mwa London (ile ya Uingereza, si mtaa wetu wa London), ilipandisha kibali cha mkazi kutoka pauni 40 hadi 100 kwa mwaka, na tiketi ya mgeni kutoka pauni 1 hadi 4. Wakazi wakashtaki. Julai 2013 Mahakama Kuu ikawapa ushindi, ikisema sheria inayoruhusu kutoza maegesho haikuwekwa ili halmashauri ijipatie fedha za shughuli nyingine za usafiri. Wakazi hao hawakushinda kwa kusema maegesho yawe bure. Walishinda kwa kuonyesha pesa zilikuwa zinakwenda kwingine.

Uamuzi wa Barnet haumfungi hakimu wa Nakuru, ila hoja yake ina ndugu katika Katiba yetu. Kifungu cha 209 kinaipa kaunti kodi mbili kwa kuzitaja, ya ardhi na majengo na ya burudani, na nyingine yoyote itakayoidhinishwa na Bunge la taifa. Kisha kinaongeza kwamba kaunti inaweza kutoza ada kwa huduma inazotoa. Ada ya maegesho si kodi ya ardhi wala ya burudani. Imesimama juu ya neno hilo moja, huduma. Ikiwa huduma ipo, kwa maana ya nafasi iliyochorwa, taa inayowaka, mtaro unaopitisha maji na mtu wa kuzuia gari kuziba njia ya miguu, ada ina miguu. Huduma ikikosekana, kinachobaki kinafanana mno na kodi ambayo kaunti haikupewa ruhusa ya kuitoza. Sijasikia mahakama yetu ikilitamka hilo kuhusu maegesho ya Nakuru, wala sidai kwamba kesi ya aina hiyo ingekuwa rahisi. Nasema mpingaji anayetafuta hoja yenye meno, hii ndiyo.

Afisa wa mapato amesikiliza kwa subira, na haki yake asikilizwe pia. “Wazee wangu,” asema, “mnataka shilingi ya Kenyatta Avenue ilale Kenyatta Avenue. Sheria hainiruhusu. Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema mapato yote yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, kisha Bunge la Kaunti ligawe. Na hata ingeniruhusu, watu wa mtaa wa Rhonda hawana maegesho ya kulipia. Nani atawazolea taka? Mkiufunga kila mtaa na mapato yake, tajiri atajitengenezea mji wake na maskini atabaki na vumbi.” Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote yaliyotajwa, na anayelipuuza hajafika Rhonda msimu wa masika.

Sehemu ya kwanza ya jibu lake ina mlango. Kifungu hicho cha 207 kinaruhusu Sheria ya Bunge kuziondoa baadhi ya fedha katika hazina hiyo, na mwaka 2023 Bunge lilifanya hivyo kwa hospitali. Kabla ya hapo malalamiko yalikuwa yale yale: mgonjwa analipa kwenye kaunta, pesa zinakwenda makao makuu ya kaunti, na hospitali iliyozikusanya inakaa bila glavu. Sheria ya Oktoba 2023 ya fedha za uboreshaji wa vituo vya afya ikaamua kwamba zinazokusanywa hospitalini zibaki hospitalini. Kwa hiyo kaunti zimekwisha kuonja mfumo huu, na Nakuru inao katika hospitali yake kuu, ile ambayo wenyeji wengi bado huiita PGH. Tena si lazima kusubiri Bunge la taifa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 116, inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko maalumu akipata idhini ya baraza la mawaziri wa kaunti na Bunge la Kaunti. Mfuko wa maegesho na njia za miguu, ukiwa chini ya Bodi ya Jiji, unaweza kuundwa papa hapa. Kinachokosekana ni anayeutaka.

Sehemu ya pili, ya Rhonda, siwezi kuimaliza kwa jibu moja la ujanja. Mji wa Pasadena, California, uliamua mwaka 1993 kwamba mapato yote ya mita za maegesho katika mtaa wake wa zamani yabaki mtaani humo. Wenye maduka, waliokuwa wakizipinga mita, waligeuka mara waliposikia hivyo, na kwa mapato hayo mji ukakopa dola milioni 5 za kutengeneza njia za miguu, taa na vichochoro. Ni mfano mtamu, lakini Pasadena si Nakuru, na kuuchukua mzima mzima kungemthibitishia afisa hofu yake. Ninaona sehemu ndiyo ifungwe, si zote: tuseme nusu ibaki kwenye mtaa ilikokusanywa, nusu iende jijini. Na tukumbuke anayetumia Kenyatta Avenue ni nani. Mama wa mboga kutoka Kaptembwo hupita njia hizo kila siku ya soko. Njia ya miguu iliyokombolewa kutoka kwa magari na mtaro uliozibuliwa ni faida yake kabla ya kuwa ya mwenye duka. Ada inayolipwa na mwenye gari na kutumika chini ya nyayo za asiye na gari haimwachi maskini na vumbi. Hata hivyo nakiri kwamba mtu wa Rhonda anayebaki Rhonda haguswi na hoja hii, na kwa ajili yake ile nusu ya pili isiguswe.

Mambo mawili madogo, kwa sababu yatazushwa. Dereva atauliza kwa nini alipe ilhali kioo kikivunjwa kaunti haijui. Ada ya nafasi si ada ya ulinzi, na kaunti ingefanya vyema kuandika hivyo wazi kwenye ujumbe wa risiti badala ya kuwaacha watu wakidhani. Na kuhusu kufunga magurudumu, sioni mantiki ya kuliadhibu gari lililokaa kupita muda kwa kulilazimisha likae zaidi. Faini itumwe kwenye simu, na gari liende zake. Chuma kibaki kwa wakaidi sugu.

Mwenye duka bado ana shaka, na safari hii shaka yake ni ya kisiasa. “Hata tukisema yote haya, watatuita ukumbini, watatupa soda, na bei watakuwa wamekwisha kuiandika.” Kuna jibu la kisheria kwa hilo, nalo limetoka upande wa pili wa ukuta wa Bonde la Ufa. Aprili 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kuweka tangazo na kuhesabu vichwa hakukutosha. Mahakama ya Rufaa ikaukubali msimamo huo baadaye. Kwa hiyo kikao cha ukumbini kina uzito mradi wanaohudhuria waache kusema “hatutaki” tu, waandike wanachotaka: ada kwa saa, dakika za mwanzo ziwe nafuu kwa mteja wa haraka, nusu ya mapato ibaki mtaani, na kila robo mwaka kaunti itoe hesabu ya kila barabara kwa jina, Moi Road ilileta ngapi na ikatengenezewa nini. Lililoandikwa na kupuuzwa ni ushahidi. Lililopigiwa kelele likapuuzwa halina kumbukumbu.

Mswada wa fedha wa kaunti hupaswa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi, kwa kawaida kati ya Julai na mwisho wa Septemba. Afisa akija kikaoni msimu huo na jedwali la bei mpya bila hesabu ya barabara kwa barabara ya mwaka uliopita, mkazi wa Milimani, dereva na mama wa Kaptembwo wanayo sababu moja, ya pamoja, ya kumwomba arudi ofisini akailete kwanza.